Nguo Nyeupe Ikichujiwa Rangi, Usiianike Kwanza

Baadhi ya vikundi vya akina mama tunavyofanya navyo kazi vimechagua kufua nguo kuwa mradi wa kujiongezea kipato. Wanakikundi wanafua mashuka ya nyumba za wageni, kanzu za kwaya, vitambaa vya altare na sare za watoto wa majirani wanaoshinda kazini. Ni mradi usiohitaji mtaji mkubwa. Mabeseni, maji, sabuni, kamba na nguvu za mikono vinatosha kuanzia. Lakini una hatari moja inayoweza kula faida ya mwezi mzima katika asubuhi moja tu. Kilemba kimoja chekundu kikijificha ndani ya mashuka 12 meupe, mashuka yote yanatoka na rangi ya waridi, na mwenye nyumba ya wageni hana haja na maelezo. Anataka mashuka yake meupe, au fedha ya kununua mengine.

Majumbani hali ni hiyo hiyo. Shati jeupe la shule likilowekwa pamoja na sweta jipya la bluu, linatoka na mabaka. Kwa mzazi mwenye watoto watatu shuleni, na kila mtoto na shati lake moja, hilo si jambo dogo. Kuna watoto wanaokaa nyumbani siku mbili tatu kwa aibu ya shati. Wapo pia wanaosimamishwa mbele ya wenzao kwa sababu sare si nyeupe.

Habari njema ni kwamba nguo nyingi za namna hii zinaokolewa. Habari isiyo njema ni kwamba wengi wetu tukiona baka tunafanya moja kati ya mambo mawili: tunaianika nguo tukitumaini jua litamaliza kazi, au tunaimiminia JIK moja kwa moja kutoka kwenye chupa. La kwanza linaigandisha rangi. La pili linaweza kuila nguo, na mara nyingine kumdhuru mfuaji mwenyewe. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu katika toleo hili.

Rangi inatoka wapi?

Kitambaa kinapotiwa rangi kiwandani, si rangi yote inayoshikamana na uzi. Kuna sehemu inayobaki juu juu, imekaa tu kati ya nyuzi. Kiwanda kinapaswa kukisuuza kitambaa kwa maji ya moto mara nyingi hadi maji yatoke meupe. Kusuuza huko kunataka maji, kuni au umeme, na muda, na kote huko ni gharama. Anayetaka kuuza kwa bei ya chini anasuuza mara chache, na kazi iliyobaki unaimalizia wewe kwenye beseni lako. Nyekundu, nyeusi, damu ya mzee na bluu iliyokolea ndizo zenye tabia hiyo zaidi, kwa sababu rangi ikikolea ina maana imetiwa nyingi, na ziada yake nayo ni nyingi.

Rangi ile ya ziada ikishaingia kwenye maji inatafuta mahali pa kukaa. Pamba nyeupe ni mahali pazuri sana, kwa kuwa nyuzi zake zinapenda maji na kila kilichomo ndani ya maji. Nailoni nayo inapokea kwa urahisi, na hapa tunawakumbusha wazazi wa mabinti wa kipaimara na komunyo ya kwanza, maana gauni nyingi za sherehe hizo zina nailoni kwenye kitambaa cha ndani au kwenye lesi. Poliesta haipokei kirahisi. Kwa hiyo shati la tetroni, ambalo ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, huwa linachafuka kidogo kuliko la pamba tupu na linasafishika mapema.

Katika saa za kwanza rangi hii ngeni bado haijatulia. Imekaa kwenye uzi kama mgeni aliyekaa kwenye ncha ya kiti. Nguo ikikauka, maji yanaondoka na rangi inabaki imebanwa ndani ya uzi. Ikipigwa pasi, joto linaikaza zaidi. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni ile tuliyoiweka kwenye kichwa cha makala: nguo iliyochujiwa rangi ibaki mbichi mpaka kazi ya kuisafisha iishe. Kama muda wako umekwisha na giza linaingia, iache ndani ya ndoo ya maji safi hadi kesho. Isianikwe.

Hatua ya kwanza: maji na sabuni

Itoe ile nguo inayochuja rangi na uiweke mbali. Mwaga maji yote ya beseni, hata kama maji ni ya kununua, maana maji yale sasa yamekuwa maji ya kupaka rangi. Suuza nguo nyeupe kwenye maji safi mara moja au mbili, kisha iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga ya kutosha. Kwa pamba nyeupe maji yanaweza kuwa ya moto kiasi cha kutoweza kutia mkono, ukageuza nguo kwa mti. Kwa nailoni, hariri na sufu yawe ya uvuguvugu tu. Acha kwa nusu saa, geuza geuza, mwaga, rudia. Ukiona maji ya pili yametoka na rangi, ni dalili njema, kwa maana rangi bado inakubali kutoka. Rudia mpaka maji yasibadilike tena.

Kwa makadirio yetu sehemu kubwa ya ajali hizi zingeishia hapa, kama zingewahiwa. Hakuna kemikali, na gharama yake ni sabuni na kuni tu.

Hapa yatupasa kusema neno kuhusu chumvi. Wengi tulifundishwa kwamba khanga mpya ilowekwe kwenye maji ya chumvi ili isichuje, na kwamba nguo nyeupe iliyochujiwa nayo itiwe chumvi ili rangi itoke. Akina mama wanaotia vitambaa rangi wanajua chumvi inafanya kazi gani hasa. Katika rangi nyingi za pamba, chumvi hutiwa kwenye pipa la rangi ili kuisukuma rangi itoke majini iingie kwenye kitambaa. Sasa jiulize, kama majini mna rangi iliyochuja na shati jeupe, chumvi itaisukuma kwenda wapi? Siki nayo haisaidii kwenye pamba. Siki hutumika kuikaza rangi kwenye sufu, hariri na nailoni. Wazee wetu hawakuwa wajinga kabisa katika hili, kwani khanga ikilowekwa peke yake, iwe na chumvi au bila chumvi, ile ziada inapungua. Kazi imefanywa na maji, chumvi ikapewa sifa.

Hatua ya pili: unga wa oksijeni

Rangi ikigoma kwa sabuni, kinachofuata ni unga wa kung'arisha unaotumia oksijeni. Madukani unauzwa kwa majina mbalimbali, lakini soma mgongo wa pakiti utafute jina sodiamu pakaboneti. Unga huu ukiingia kwenye maji unagawanyika kuwa magadi na haidrojeni peroksaidi, na hiyo peroksaidi ndiyo inayoivunja rangi. Haina harufu kali na haidhuru pamba wala poliesta. Kinachohitajika ni maji ya moto wa kadiri, yaani ya kuvumilika kwa mkono kwa taabu, pamoja na subira. Iloweke nguo kwa saa nne hadi sita. Baada ya hapo nguvu ya unga imekwisha, na kama bado kuna baka tengeneza maji mapya. Usifunge mchanganyiko huu kwenye chupa au dumu lenye kifuniko. Oksijeni inaendelea kutoka, na chombo kinaweza kupasuka.

Usiutumie kwenye sufu na hariri.

Hatua ya tatu: dawa iliyo kabatini mwa wachora batiki

Huenda hatua hii ni mpya kwa wasomaji wengi, ingawa dawa yenyewe si ngeni kabisa. Vikundi vya batiki vinaifahamu sodiamu haidrosalfaiti. Ni unga mweupe wenye harufu kama ya kiberiti, unaotumika pamoja na kostiki soda kuyeyusha rangi kabla ya kuchovya kitambaa. Kuna pakiti zinazouzwa Ulaya kwa ajili ya kuokoa nguo nyeupe zilizochujiwa rangi, na nyingi kati ya hizo kiini chake ni unga huu huu. Mara nyingine, basi, kikundi cha kufua nguo kinahangaika na mashuka ya waridi huku kikundi cha batiki upande wa pili wa uwanja wa kanisa kina tiba yake kwenye debe.

JIK inaichoma rangi kwa kuipa oksijeni. Haidrosalfaiti inafanya kinyume chake, yaani inainyang'anya. Rangi nyingi za nguo zina kiungo kimoja katikati kinachoshikilia pande mbili, na kiungo hicho ndicho kinachotupa ule wekundu au unjano tunaouona. Haidrosalfaiti inakikata kiungo hicho. Pande mbili zilizobaki hazina rangi, au zina rangi hafifu sana, na zinaondoka na maji ya kusuuzia. Pamba yenyewe haiguswi. Kwa sababu hiyo, kwa shuka la pamba tunaipendelea dawa hii kuliko JIK, mradi masharti yake yafuatwe.

Kwa maji ya lita 5 utaratibu ni huu. Changanya lita 3 za maji yaliyotoka kuchemka na lita 2 za maji ya baridi kwenye ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma cha pua. Usitumie sufuria ya alumini, kwani magadi yanaila. Tia kijiko kimoja cha chakula cha magadi yaliyosagwa, kisha uchuje kwa kitambaa, maana mchanga wa magadi unakwaruza nguo. Halafu nyunyiza haidrosalfaiti vijiko vitatu vya chai juu ya maji, ukikoroga polepole. Unga ndio unaoingia kwenye maji. Usimimine maji juu ya unga. Tumbukiza nguo iliyokwisha kuloana, izamishe yote, na uigeuze taratibu kwa mti kwa dakika 15 hadi 20. Kisha itoe na uisuuze hapo hapo kwa maji mengi mara tatu. Usichelewe kusuuza, kwa sababu zipo rangi, na nili ya jinzi ni mojawapo, ambazo haidrosalfaiti haizivunji bali inaziyeyusha tu, na zikikutana na hewa zinarudi tena kwenye nguo.

Masharti ni haya. Kazi ifanyike nje, upepo ukiwa unakupuliza kutoka nyuma, na mwenye pumu asiikaribie kabisa. Vaa glavu. Usichanganye na siki, ndimu au asidi yoyote, maana gesi inayotoka inabana kifua. Unga wenyewe utunzwe mahali pakavu, kifuniko kimefungwa, na kijiko kiwe kikavu siku zote. Ukipata unyevunyevu unaanza kupata joto wenyewe, na unaweza kuwaka. Debe lililopata maji litolewe nje ya jengo, lisirudishwe kabatini.

Jambo la mwisho ni kwamba dawa hii haichagui. Inaondoa rangi iliyokuja kwa bahati mbaya pamoja na rangi iliyowekwa kwa makusudi. Nembo ya shule iliyoshonwa mfukoni, msalaba mwekundu kwenye kitambaa cha altare, mstari wa bluu kwenye pindo la shuka, vyote vinaweza kufifia. Nembo inaweza kufumuliwa ikashonwa tena. Msalaba uliotariziwa kwa mkono na mama wa parokia miaka 20 iliyopita haufumuliwi, kwa hiyo nguo ya namna hiyo iishie hatua ya pili, hata kama baka halikutoka lote.

Na JIK je?

Hatuikatazi JIK. Tunachosema ni kwamba inatumika kwa wingi mno na mapema mno. JIK na dawa nyingine za aina yake ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, na ile tunayoizoea ina nguvu ya asilimia 3.5. Watumishi wetu wa huduma kwa wagonjwa majumbani walifundishwa kuchanganya sehemu moja ya JIK na sehemu sita za maji ili kupata asilimia 0.5 ya kuulia vijidudu kwenye damu na matapishi. Kipimo hicho ni sahihi kwa kazi ile. Tatizo ni kwamba kimehamia kwenye beseni la kufulia, na kwa kung'arisha nguo ni kikali mno. Shati linalolowekwa humo kila wiki litachanika mgongoni kabla ya mwaka kwisha, na mwenye shati atadhani kitambaa kilikuwa kibovu.

Kwa baka la rangi kwenye pamba nyeupe, vijiko vinne vya chakula vya JIK kwenye lita 5 za maji ya baridi vinatosha. Hiyo ni chini ya moja ya kumi ya nguvu ya kile kipimo cha damu. Nguo iwe imeloana kwanza, isiwe kavu, la sivyo pale JIK inapogusa mwanzo patakuwa na alama. Iangalie kila baada ya dakika tano na usizidishe dakika 15. Kama baka halijatoka kwa muda huo, kuongeza JIK kutatoboa nguo na baka litabaki. Suuza mara tatu.

Zipo nguo ambazo JIK haifai hata tone. Sufu na hariri zinaliwa. Nailoni na nguo zenye mpira wa kuvutika zinageuka njano, na njano hiyo haitoki. Mahali ambapo maji ya kisima yana chuma, yaani yale yanayoacha kutu kwenye ndoo, JIK inakitoa chuma majini na kukiweka kwenye nguo, kisha mashuka yanatoka na rangi ya chai. Ukikaa sehemu ya namna hiyo, tumia maji ya mvua kwa nguo nyeupe, au achana na JIK.

Kama hujui nguo ni ya kitambaa gani na kibandiko kimekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye upindo na uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua. Tetroni inafanya yote mawili, jivu na kidonge.

Bluu ya kufulia, ambayo mama zetu waliitumia sana, haiondoi rangi yoyote. Inaficha unjano kwa kuweka ubluu hafifu juu yake. Ukiiweka juu ya waridi utapata zambarau.

Yasiyochanganywa

Tunaomba wasomaji wasome sehemu hii kwa sauti kwenye mkutano wa kikundi, kwa kuwa si wanakikundi wote wanaosoma. Shati linaweza kununuliwa jingine. Pafu la mtu halina duka.

JIK isichanganywe na siki, ndimu, wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Gesi inayotoka ni klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha katika Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1915. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha, hata kiasi kidogo kinamkohoza mtu hadi ashindwe kupumua. JIK isichanganywe na amonia. Hapa wengi wanasema hawana amonia nyumbani, kumbe wanayo: mkojo uliokaa unatoa amonia. Nepi za mtoto na mashuka ya mgonjwa asiyejizuia yasuuzwe vizuri kwa maji matupu kabla ya kutiwa JIK. Wanaouguza wazee nyumbani walizingatie hilo hasa. JIK na haidrosalfaiti nazo zisikutane kwenye beseni moja. Ukitaka kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine, nguo isuuzwe mara tatu na beseni lioshwe.

Kuna desturi ya kununua JIK kwa kipimo na kuiweka kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anaona chupa anayoijua na anakunywa. Kama kupimiwa hakuepukiki, chupa isiwe ya kinywaji, ifungwe kitambaa chekundu shingoni, na iwekwe juu pasipofikika. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, kwa maana dawa itaunguza koo mara ya pili inapopanda. Msuuze mdomo, mpe maji kidogo kidogo kama anameza vizuri, na mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe ili mganga aione. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kisha uende hospitali.

Maji yaliyotumika yamwagwe mbali na kisima na bustani. Biblia inapotaja uwanja wa dobi, kama katika 2 Wafalme 18:17, unautaja pamoja na mfereji wa maji. Dobi na maji hawaachani tangu kale, na kijiji kinachokunywa kutoka chanzo hicho hicho kina haki yake.

Kazi ya kikundi

Kwa vikundi vinavyofua kwa malipo, uzoefu wetu unaonyesha kwamba rangi nyingi haiingii wakati wa kufikicha. Inaingia wakati nguo mbichi zimerundikwa pamoja zikisubiri nafasi kwenye kamba. Beseni la nguo zilizokamuliwa, jeupe chini na bluu juu, likiachwa saa mbili wakati wanakikundi wanakunywa chai, linatosha. Kwa hiyo nguo nyeupe ziwe na beseni lao lenye alama, zifuliwe kwanza asubuhi maji yakiwa mapya, na zianikwe zote kabla ya beseni la rangi kuguswa.

Nguo mpya ya rangi ipimwe kabla ya kupokelewa. Lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze kwenye upindo wa ndani wa nguo, upitishe pasi ya moto juu yake mara moja. Kitambaa kikitoka na rangi, nguo hiyo inafuliwa peke yake, na mteja aambiwe hapo hapo, mbele ya kazi yake. Mifuko ikaguliwe na mashuka yakung'utwe moja moja, kwani leso na soksi ndizo zinazojificha.

Kikundi kiwe na daftari la mapokezi lenye idadi ya nguo, hali yake zilipofika, na sahihi ya mteja. Shuka lililokuja na baka tayari liandikwe hivyo. Tunashauri pia kila kikundi kitenge sehemu ndogo ya mapato ya kila wiki kwa ajili ya fidia, na kikubaliane mapema kwa maandishi kwamba hasara inalipwa na mfuko huo, si na mwanamke aliyekuwa zamu siku hiyo. Mjane anayeambiwa alipe mashuka 12 kutoka mfukoni mwake hatarudi wiki inayofuata, na akija atakuwa amejifunza kuficha. Nguo iliyofichwa hukauka na baka lake, wakati ingetamkwa mapema ingekuwa bado mbichi ndani ya ndoo.